Aliye Mlangoni Anauliza Jina

Poland,
Jumapili mchana

Kwako dada yangu Rael,

Mulembe, dada. Mulembe tena, kwa sababu moja leo haitoshi. Mama ameamkaje? Amekula? Ule mkono wa kushoto uliovimba kwa sababu ya dripu umerudi chini, ama bado? Na wewe unalala wapi, bado ni kile kiti cha plastiki kando ya kitanda chake? Baba anashinda hapo wodini ama amerudi Butali kuangalia miwa yake? Nijibu yote, hata yale madogo madogo. Mimi huku mwili ni mzima, hakuna kinachoniuma. Lakini sitakudanganya. Naogopa, Rael. Naogopa tangu wiki jana, na hapa hakuna mtu ninayeweza kumwambia bila yeye kunicheka.

Najua utashangaa kuona karatasi, kama watu wa zamani. Ni kwa sababu simu yako ndiyo Mama anashika huko wodini, na unamjua Mama. Kikilia chochote anafungua, anakisoma kwa sauti, na kitanda cha pili na cha tatu wanasikiza na kutoa maoni. Haya ninayoandika hayafai kusomwa kwa sauti. Kuna dada mmoja wa Lumakanda anayesoma chuo hapa. Anasafiri kesho na barua hii, atashukia Kisumu, na Jumanne jioni atapitia Kakamega akielekea kwao. Nimempa maelezo ya wodi na ya kitambaa chako cha kichwa. Isome ukiwa nje, kwa zile benchi za kungojea, kisha uifiche kwa Biblia yako. Usimpe Baba.

Kwanza lazima nikueleze kazi yangu vizuri, maana wewe huwaambia watu tu kwamba mdogo wako anachezea kompyuta Ulaya. Kampuni yetu inatengeneza mchezo wa kompyuta, na ndani ya huo mchezo kuna dunia nzima ya kubuni. Kuna milima, mito, miji, na miungu yake. Sasa, hiyo dunia imetengenezwa na watu wengi kwa miaka mingi, hawa wakiondoka wale wakiingia, na kila kundi lilikuja na miungu yake bila kuuliza waliotangulia. Nilipofika nilikuta miungu watatu wa mvua. Watatu, Rael! Mto mmoja ulikuwa na pepo mwenye mto, halafu tena mungu wa kike mwenye mto huo huo, na hakuna aliyejua mwenzake yuko. Mchezaji akiomba mvua anapata mafuriko mara tatu. Akimpa huyu sadaka, yule anakasirika. Watu wakalalamika. Basi mkubwa wetu, anaitwa Marek, akanifungulia jedwali refu kwa kompyuta akasema, "Mercy, hawa wapatanishe. Kila kazi ibaki na mwenyewe mmoja. Wengine futa."

Na nikaiweza, usicheke. Niliiweza kwa sababu ya nyanya yetu, Kukhu. Unakumbuka ile siku ulitoka kanisani na kiburi chako cha Sunday school ukamuuliza kwa nini asubuhi anatemea jua mate na kumwita Were, na kanisani sisi tunaomba Nyasaye? Ukamwambia, "Kukhu, uko na Mungu wawili." Nilikuwa mdogo lakini naisikia sauti yake mpaka leo. Alikuuliza, "Wewe shuleni unaitwanga nani?" Ukasema Rael. "Na hapa nyumbani?" Ukasema Toto. "Na jioni unakulanga obusuma, ugali wako, mara mbili?" Ukasema hapana. "Basi hata Yeye ni mmoja. Toka hapa, leta kuni." Hiyo ndiyo digrii yangu ya dini, dada, sina nyingine. Niliwachukua wale watatu wa mvua nikawafanya mmoja mwenye majina matatu, kila kabila la mchezo likimwita lake. Sikumfuta hata mmoja. Marek alifurahi mpaka akaniletea keki. Kwa mwaka mzima mimi ndiye mtu wa kupatanisha miungu, na nilianza kujiona, kusema kweli.

Baada ya wakubwa zikafuata roho ndogo, za manyumbani, wale Kukhu alikuwa anawaita misambwa. Mwenye jiko, mwenye ghala, mwenye mlango, kila moja ilihitaji jina, na mashine haikubali nafasi tupu. Nikaandika majina ya kwetu, ya watu waliokufa kitambo, nikisema ni ya kushikilia tu, nitayabadilisha baadaye. Kwa ghala nilimweka babu yetu, Kuka Shisia, vile alivyokuwa anahesabu magunzi ya mahindi usimwibie. Nilicheka peke yangu ofisini. Na kwa mlango, Rael, nikaandika Khasandi.

Usinipigie kelele bado. Nilikuwa namfikiria yule wa zamani, nyanya yake Mama wa Navakholo, yule Mama alikuwa anatusimulia tukichambua maharagwe. Kwamba wakati wa njaa alikaa kwa mlango wake, na hakuna mtu aliyepita hapo bila kuulizwa "Wewe ni nani?" na bila kuwekewa kitu mdomoni, hata kama ni kipande cha kiazi. Nilimpenda yule bibi na hata sikumwona. Nikaona huyo ndiye mwenye mlango hasa. Nikaandika jina lake na nikaendelea na kazi. Wala haikunijia kichwani kwamba hilo jina liko na mtu mwingine ambaye anapumua.

Utaniuliza nilisahauje jina la mama yangu mzazi. Sasa wewe niambie, mara ya mwisho kulitamka ilikuwa lini? Sisi humwita Mama. Baba humwita Mama Rael. Kanisani ni Sista Beatrice, sokoni ni Mama Mboga wa Butali. Toka nizaliwe sijawahi kufungua mdomo nikamwita mama yangu jina hilo, ningepigwa kofi la karne. Kwa ulimi wangu Khasandi ni mtu wa hadithi, mtu wa zamani. Kukhu alinifundisha mmoja anaweza kuwa na majina mawili. Sikufikiria upande ule mwingine, kwamba jina moja linaweza kuwa na watu wawili, mmoja huko na mmoja hapa.

Hata hapo labda singeogopa hivi. Mwenye mlango wa nyumba ni mtu mzuri, hata Mama angecheka. Lakini mwezi huu, wakati wa kumaliza kazi, Marek aliniita akanionyesha kwamba tuko na wenye mlango wawili. Kuna Khasandi wa mlango wa nyumba, na kuna mwingine wa zamani sana, hana hata jina, anaitwa Mpokezi. Huyo anakaa mlango wa mwisho. Mchezaji akifa, huyo ndiye anamuuliza jina na kumwingiza. "Kazi ni ile ile," Marek akasema. "Mlango, swali, jina. Waunganishe." Mimi nikaona ni kweli. Nikawaunganisha. Jina nikaacha la Khasandi kwa sababu lile lingine halikuwa jina. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, nakumbuka nilikuwa nakunywa chai.

Jumanne ukanitumia ile picha. Ulitaka tu nione siku ya operesheni waliyoandika. Mimi sikuona siku, Rael. Niliona kadi iliyofungwa kwa kitanda, na mwandiko wa nesi kwa kalamu ya buluu, BEATRICE KHASANDI. Kikombe kilinitoka. Nilitazama ile kadi mpaka simu ikazima yenyewe, nikaiwasha, nikatazama tena. Mimi mwenyewe, kwa vidole hivi, nilikuwa nimechukua jina la mama yangu nikaliketisha mahali wafu wanapokelewa. Na siku iliyofuata ndiyo wakasema uvimbe ni mkubwa kuliko walivyodhani.

Najua utasema nini. Sisi ni watu wa kanisa, nimesoma kompyuta miaka minne, jina ni herufi tu. Hata mimi nilijiambia hivyo. Nilijiambia njia nzima kwenda kazini Jumatano. Nilipofika nikakuta wale wa kujaribu mchezo wamekaa kwa safu yao, watu kumi na kitu, wanacheza ili kutafuta makosa, na kazi yao ni kufa. Wanajirusha milimani, wanazama mitoni, wanafanya makusudi. Kila mmoja akifa skrini yake inakuwa nyeusi, halafu maneno yanatokea. Nakuandikia kwa Kiswahili: "Khasandi anakungoja mlangoni. Taja jina lako." Nilipita nyuma ya viti vyao na lile jina lilikuwa linawaka huku, linazima, linawaka kule. Nilishika ukuta kama mlevi.

Nikakimbilia kompyuta yangu nimwondoe. Nikafungua jedwali, nikabonyeza. Mashine ikaniuliza, na hii nayo nakuandikia vile ilivyosema, "Una hakika unataka kumfuta Khasandi? Hatarudi tena." Chini kuna vitufe viwili, ndiyo na hapana. Rael, dada yangu, ni nani angebonyeza ndiyo? Mama amelala Kakamega na uvimbe tumboni, na mimi niko hapa naulizwa kama nina hakika nimfute asirudi. Nikabonyeza hapana. Nikajaribu tena baada ya chakula cha mchana. Swali ni lile lile. Nikimwacha, anapokea wafu. Nikimtoa, nimemfuta kwa mkono wangu. Nilienda chooni nikakaa huko nikilia kwa kitambaa ili nisisikike.

Marek aliniona macho. Nikamwambia nusu, kwamba lile jina ni la mama yangu na ni mgonjwa. Si mtu mbaya. Alivuta kiti akasema, "Pole sana. Lakini Mercy, ni majina tu. Ukitaka badilisha, mradi iwe kabla ya Ijumaa jioni, ndipo dunia inafungwa. Baada ya hapo hakuna anayegusa kitu." Ni majina tu! Yeye anaitwa Marek kwa sababu mama yake alilipenda hilo jina, amenieleza. Hakuna aliyelia ndipo akalipata.

Alhamisi mchana ndipo Mama akanipigia kwa video, wewe ulikuwa umeenda kununua dawa. Akaanza na yake. "Nanzala, unakulanga nini huko? Hiyo sura imekuwa ya panzi."

"Nakula, Mama."

"Unakula mkate. Mkate si chakula." Akacheka, halafu akashika tumbo kidogo. Nilikuwa nataka kumwambia yote. Nikamuuliza tu kama analala vizuri. "Nalala, ni vile wananiamsha kupima presha. Jana wamenikatia ndoto tamu. Nilikuwa Navakholo kwa nyanya, nimesimama kwa mlango. Ndani hakuonekani. Mtu ananiuliza, wewe ni nani? Sasa mimi niko na paja la kuku, ingokho kabisa, mdomoni. Nikamwonyesha mkono, ngoja kwanza nimeze. Nikatafuna, nikatafuna, mpaka nesi akanishika bega."

Nikamuuliza, "Hukutaja jina, Mama?"

"Ningetajaje na mdomo umejaa? Kwani wewe hukufunzwa adabu?" Akacheka tena, na yule mama wa kitanda cha pili nikamsikia akicheka naye. Halafu akaongeza, kama kitu kidogo tu, "Lakini Jumatano hakuna ingokho. Wamesema tangu Jumanne jioni nisitie kitu mdomoni, hata maji. Wataniua na njaa kabla ya kisu." Nikamwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Umeelewa sasa kwa nini siwezi kukaa? Jumatano atasimamishwa kwa mlango, na mdomo utakuwa mtupu.

Jioni hiyo yote nilizunguka kwa chumba changu nikiongea peke yangu. Kilichonisaidia ni hadithi yako mwenyewe. Wewe ulikuwa na miaka minane nilipozaliwa, wewe ndiye uliyeniambia. Nililia siku tatu, nikakataa ziwa. Walikuwa wamenipa jina la mama yake Baba mdogo, mke mwenza wa Kukhu aliyetangulia kufa, na halikukaa. Kukhu akanishika akaanza kutaja majina ya watu wetu waliokufa, mmoja mmoja, polepole, akingoja kati ya moja na lingine. Alipofika kwa Nanzala, shangazi yake Baba, nikanyamaza nikashika ziwa papo hapo. Hivyo ndivyo ulivyonisimulia. Na lile jina la kwanza, Rael, Kukhu hakulifuta. Alisema tu, "Huyu tumemsumbua, apumzike," na akaliweka kando kwa heshima zake. Baadaye likapata mtoto mwingine.

Basi nikajua la kufanya. Jina lililokaa vibaya halifutwi. Linaitwa lingine juu yake, la kwanza linaenda kupumzika. Ijumaa nilifika kazini kabla ya watu. Sikugusa kile kitufe cha kufuta. Niliweka kidole mahali pa jina, na kwa mdomo wangu, kwa Kiluhya, nikasema, "Khasandi, nimekusumbua, pumzika." Wa zamani na wa sasa, wote wawili. Ndiyo mara ya kwanza kumwita Mama jina lake.

Lakini nilikuambia mashine haikubali nafasi tupu. Lazima mtu akae pale. Nilipitia majina yote ninayoyajua. La Kukhu, siwezi. La Baba, Mungu apishe mbali. Lako? Nilifika kwa lako nikaondoa vidole kwa kompyuta. La mtu nisiyemjua ni la mama ya mtu mahali fulani. Nikatafuta jina moja ambalo nina ruhusa nalo, ambalo likileta maneno ni mimi nitayajibu. Unajua ni lipi. Nililiandika, na mashine haikuuliza kama nina hakika. Ilikubali tu. Marek alipita akasoma, akasema, "Hilo ni zuri, linatamkika." Jioni wakafunga dunia. Sasa hakuna anayeweza kugusa kitu, hata mimi.

Kwa hivyo nakuomba mambo mawili, na unifanyie hata kama unaniona nimechanganyikiwa. La kwanza ni la Jumatano. Wakimpeleka kwa mlango wa thieta, kuna mtu huko huuliza mgonjwa ni nani kabla ya kuingiza kitanda. Kadi ina majina yake yote, kadi waisome wenyewe, hiyo ni kazi yao na ni sawa. Lakini wewe wakikuuliza kwa mdomo, sema Beatrice. Sema Beatrice, mke wa mzee wa kanisa, wa Butali. Hilo lingine usilitamke hapo mlangoni, hata kama nimelipumzisha. Na akitoka, mara daktari akikubali, muwekee kitu mdomoni kabla ya maswali ya watu. Hata kama ni tone la maji kwa kijiko. Halafu unipigie. Nitakuwa nimeshika simu mkononi tangu asubuhi, sitaenda kazini.

Baba msalimie sana, mwambie miwa isubiri, kiwanda hakihami. Usimwambie haya, atasimamisha jina langu kanisani kwa maombi na wazee wote waanze kulitaja, na sasa hivi sitaki litajwetajwe. Salimia shemeji na wale watoto wako, na yule nesi mwenye mwandiko wa kalamu ya buluu, mwambie mdogo wako anamshukuru. Salimia mama wa kitanda cha pili, acheke na Mama mpaka Jumanne usiku. Mama mkumbatie kwa upande ule usio na dripu. Mwambie nakula.

La pili ni hili. Kuanzia leo watu wengi, mbali sana, watakuwa wanakufa kwa mchezo wao na kuulizwa jina lao na mtu anayeitwa jina langu. Sijui inamaanisha nini. Labda si kitu. Lakini ukinipigia Jumatano, habari ikiwa njema ama ikiwa ile nyingine, usianze kwa kuniita lile jina nililonyamazia. Ukiliita na mimi niitike, nitaogopa kwamba niko mahali pabaya. Niite vile ulivyokuwa unaniita ukinibeba mgongoni kwenda kisimani, kabla sijajua nina jina. Hapa chini pia sitaliandika.

Ni mimi mdogo wako,

Kadogo